Wuweizi: Mwongozo Kamili wa Kuutambua Mmea Wake, Kuupanda, Kukausha Matunda na Kuyatumia

Katika misitu ya kaskazini-mashariki ya China, kuanzia Liaoning na Jilin hadi Heilongjiang, na kuvuka mpaka hadi Rasi ya Korea na Mashariki ya Mbali ya Urusi, huota mmea wa kutambaa wenye shina gumu ambao wataalamu wa mimea huuita Schisandra chinensis. Mmea huu hauna vikono vya kujishikia kama alivyo navyo mzabibu. Hujisokota wenyewe kwenye mti ulio jirani, ukapanda hadi mita nane au zaidi, na majira ya joto yanapokaribia kwisha huning'iniza vishada vya matunda madogo mekundu. Matunda hayo yakikaushwa ndiyo wuweizi, dawa inayotajwa katika Shennong Bencao Jing, kitabu cha kale kabisa cha mitishamba ya Kichina, ambamo iliwekwa katika daraja la juu, yaani miongoni mwa dawa zilizodhaniwa kufaa kwa matumizi ya muda mrefu. Wakorea huyaita omija na huyafanya kinywaji cha nyumbani, na Warusi huuita mmea wenyewe limonnik, kwa sababu majani na magome yake yakisuguliwa hutoa harufu ya limau.

Mwongozo huu unawalenga wasomaji wa aina mbili. Wa kwanza ni wale wanaoishi penye baridi kali, iwe Ulaya au Amerika Kaskazini, ambao wana ua mdogo nyuma ya nyumba na wangependa kuupanda. Wa pili ni wale wa Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura, ambao huikuta wuweizi ikiwa imekwisha kukaushwa, katika kliniki au duka la dawa za Kichina, na hawana njia ya kujua kama walichouziwa ndicho chenyewe. Kwa wote wawili ushauri wangu ni mmoja: usiulize kwanza tunda hili linatibu nini, bali anza kwa kuulizia ni tunda la mmea gani, kwa kuwa huko ndiko watu wanakoumizwa.

Kuujua mmea kabla ya jina lake la dukani

Msiba mkubwa zaidi wa kuchanganya dawa katika historia ya karibuni ya tiba ya Kichina uliletwa na mimea ya kutambaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakipunguza unene katika kliniki moja mjini Brussels, Ubelgiji, walipewa mzizi wa Aristolochia fangchi badala ya ule wa Stephania tetrandra, kwa kuwa majina ya Kichina ya mimea hiyo miwili yanakaribiana mno. Zaidi ya watu mia moja waliharibika figo, na baadhi yao baadaye walipata saratani ya njia ya mkojo. Mwaka 2003 China yenyewe iliifuta guan mutong, ambayo ni shina la Aristolochia manshuriensis, katika orodha ya dawa zinazoruhusiwa, baada ya kuonekana kwamba kwa miaka mingi ilikuwa imechukua nafasi ya mutong halisi inayotoka kwenye mmea mwingine wa kutambaa, Akebia. Schisandra si ndugu wa Aristolochia na haina asidi ya aristoloki iliyowaharibu figo wagonjwa wa Brussels. Hata hivyo, fundisho la msiba huo linaihusu wuweizi moja kwa moja: lebo isiyo na jina la Kilatini la mmea haitoshi, hata kama muuzaji anaaminika.

Mmea ulio hai hutambulika kwa urahisi ukiwa na maua au matunda. Majani yake ni ya duaradufu, yenye meno madogo pembeni na vikonyo vyekundu, nayo hupukutika yote wakati wa baridi. Maua hutoka mwezi wa Mei na Juni, meupe ya rangi ya maziwa au yenye wekundu hafifu, yenye harufu nzuri, yakining'inia kwenye vikonyo vyembamba. Jambo la ajabu hutokea baada ya uchavushaji: kitovu cha ua jike, ambacho mwanzoni ni kifupi kama nukta, hurefuka hadi kufikia sentimita kadhaa, na kila sehemu ndogo ya ua iliyochavushwa hugeuka tunda lake peke yake. Ndiyo maana kile kinachoonekana kama kishada cha matunda mengi kwa kweli ni zao la ua moja.

Kwa anayenunua matunda makavu, kazi ni ngumu kidogo, kwa sababu kuna wuweizi mbili sokoni. Ile ya kaskazini, bei wuweizi, ni ya Schisandra chinensis. Ile ya kusini, nan wuweizi, ni ya Schisandra sphenanthera, inayotoka Shaanxi, Hubei, Henan, Sichuan na mikoa ya jirani. Kitabu rasmi cha viwango vya dawa cha China kilizitenganisha katika toleo la mwaka 2000, na kila moja ina kipimo chake: ya kaskazini inatakiwa kuwa na skizandrini isiyopungua asilimia 0.40, na ya kusini skizantherini A isiyopungua asilimia 0.20, zote mbili zikiwa kemikali za asili zilizomo katika matunda hayo. Zote mbili ni dawa halali, ila ya kaskazini ndiyo yenye bei kubwa, na kwa hiyo ndiyo inayoigizwa.

Mimina kiganja kimoja kwenye sahani nyeupe, usogee penye mwanga. Punje za kaskazini zina kipenyo cha milimita tano hadi nane, ngozi yake ni nyekundu iliyokoza au ya zambarau, imekunjamana lakini bado ni laini na yenye mng'ao wa mafuta, na wakati mwingine hufunikwa na vumbi jeupe kama jivu, ambalo si kosa. Punje za kusini ni ndogo zaidi, za rangi ya hudhurungi, kavu, na nyama yake ni nyembamba mno, imegandamana na mbegu. Kisha loweka punje mbili kwa saa moja, uzipasue kwa ukucha. Ndani utakuta mbegu moja au mbili zenye umbo la figo, za rangi ya manjano inayoelekea hudhurungi, zenye kung'aa na ganda jembamba linalovunjika kirahisi. Ukikuta mbegu yenye umbo la pea, yenye ncha upande mmoja, hizo ni zabibu pori zilizokaushwa, na mtu ameuziwa zabibu kwa bei ya dawa.

Kipimo cha mwisho ni ulimi. Tafuna nyama ya tunda kwanza: inatakiwa kuwa chachu sana, yenye utamu kidogo na chumvi kwa mbali. Halafu vunja mbegu kwa meno, na hapo ndipo ukali wenye kuchoma na uchungu hujitokeza, pamoja na harufu ya manukato. Vitabu vya Kichina tangu enzi ya Tang vinaeleza ladha hizo tano kwa mgawanyo huu huu wa nyama na mbegu. Punje isiyo na ukali wowote kwenye mbegu imekwisha nguvu, ama kwa uzee ama kwa moto mkali wakati wa kukaushwa.

Je, utaota mahali ulipo?

Niseme wazi ili msomaji asipoteze fedha. Mmea huu umezoea majira ya baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri, na unahitaji miezi ya baridi ili machipukizi yake yaamke yakiwa na nguvu. Pwani ya Afrika Mashariki haiwezekani kabisa. Nyanda za juu kama Njombe au Limuru hupata usiku wa baridi na hata jalidi, lakini hazina majira marefu ya kulala yanayolingana na ya Jilin, kwa hiyo simshauri mkulima yeyote wa huko aufanye zao la biashara. Anayeishi Oslo, Toronto, Warsaw au Minneapolis, kwa upande mwingine, ana hali ya hewa inayoufaa kuliko anavyodhani.

Mahali panapofaa ni pale mizizi inapokaa kivulini na penye unyevu, huku matawi yakipata jua la asubuhi au mwanga wa kutosha unaopenya katikati ya miti. Udongo uwe na mboji nyingi, uwe na uchachu kidogo, na usituamishe maji. Udongo wa mfinyanzi unaoshika maji baada ya theluji kuyeyuka huozesha shina pale linapogusana na ardhi, na ugonjwa huo, unaoletwa na kuvu za jamii ya Fusarium, ukishaingia hauna dawa ya maana. Mche hung'olewa na kuchomwa. Epuka pia mabonde ambako jalidi ya mwisho wa msimu hutuama, kwa sababu maua hutoka mapema na usiku mmoja wa jalidi unaweza kuondoa mavuno ya mwaka mzima.

Kupata miche

Aliye na haraka anunue miche kwenye kitalu, na akiweza achague aina zinazosifiwa kwa kujichavusha zenyewe, kama vile Eastern Prince au Sadova No. 1, au anunue miche kadhaa tofauti ili apate maua ya jinsia zote. Njia ya mbegu ni ya bei nafuu lakini inahitaji subira, kwa sababu tunda linapoiva kiinitete kilicho ndani ya mbegu huwa bado hakijakomaa. Mbegu hupitia hatua mbili, ya uvuguvugu na ya baridi, kabla ya kuota.

Chukua matunda mabichi yaliyoiva kabisa, yaloweke, uyasugue kwenye chekecheke hadi nyama yote iondoke, kisha uzimwage mbegu kwenye ndoo ya maji. Zinazoelea hazina kitu ndani, zitupe. Zilizozama ziache ndani ya maji kwa siku tano hadi saba ukibadilisha maji mara kwa mara, halafu uzichanganye na mchanga safi wenye unyevu, sehemu moja ya mbegu kwa sehemu tatu za mchanga. Unyevu wa kutosha ni ule ambao mchanga ukifinywa hushikamana bila kutoa tone. Weka mchanganyiko huo mahali penye nyuzi 15 hadi 20 za Selsiasi kwa muda wa mwezi mmoja hivi, halafu uuhamishie kwenye jokofu au shimo la nje lenye nyuzi sifuri hadi tano kwa miezi miwili hadi mitatu. Fungua kila wiki uukoroge na kuangalia ukungu. Maganda ya mbegu yakianza kupasuka, wakati wa kupanda umefika.

Sia mbegu kwenye kitalu kwa kina cha sentimita moja na nusu hadi mbili, funika kwa matandazo mepesi, na tengeneza kivuli kinachozuia nusu ya jua au zaidi. Miche ikiwa na majani mawili ya kwanza huungua kwa urahisi sana, na kivuli hicho kiondolewe kidogo kidogo tu kadiri majani halisi yanavyoongezeka. Miche hukaa kitaluni mwaka mmoja au miwili. Iliyooteshwa kwa mbegu huanza kuzaa, kwa kawaida, kati ya mwaka wa tatu na wa tano.

Kuna njia ya tatu ambayo wakulima wengi huisahau. Mmea mkubwa hutoa mashina yanayotambaa chini ya ardhi, na machipukizi yake huibuka mbali kidogo na mama. Machipukizi hayo yakikatwa pamoja na mizizi yake mwanzoni mwa majira ya kuchipua, huwa miche iliyo sawa kabisa na mama yake, yakiwemo mazoea yake ya kuzaa.

Kupanda, kusimika nguzo na kuelewa jinsia ya maua

Simika nguzo na waya kabla ya kupanda, au ukichelewa sana, mwaka huo huo. Nguzo za urefu wa mita mbili juu ya ardhi zenye nyaya tatu zilizonyooshwa kwa umbali wa sentimita sitini hivi zinatosha, na kila mche upewe kijiti au kamba ya kupandia hadi wayani. Mistari iachane kwa mita mbili, na miche ndani ya mstari kwa nusu mita hadi mita moja. Kuuacha mmea upande mti wa matunda ni kosa: utausokota mti huo, na matunda yako yatakuwa juu usikoweza kufika. Weka samadi iliyooza vizuri shimoni, tandaza majani makavu juu ya mizizi, na mwagilia kila udongo wa juu unapokauka, kwa kuwa mizizi mingi haiendi chini sana.

Sasa tufike kwenye jambo linalowachanganya wakulima wengi. Mtu hupanda miche mitano, huitunza miaka minne, ikatoa maua tele, kisha hapati hata tunda moja. Sababu ni kwamba maua ya Schisandra yana jinsia tofauti, ama kwenye mimea tofauti ama kwenye mmea mmoja, na uwiano wake haukai vilevile. Geuza ua juu ukitumia kidole: ukiona stameni tano zilizoshikamana kifungu katikati, hilo ni ua dume, ukiona kijivimbe cha kijani chenye vipande vidogo vidogo vingi vilivyopangika kwa mzunguko, hilo ni ua jike. Mmea mchanga, au uliodhoofika, au uliokaa kwenye giza la majani yake mwenyewe, hutoa zaidi maua dume. Mmea ulioshiba na kupata mwanga hutoa maua jike mengi zaidi.

Na jinsia hiyo haiamuliwi wakati wa kuchanua. Machipukizi ya maua ya mwaka ujao huanza kuumbika katika majira ya joto ya mwaka huu, wakati matunda ya sasa yanakua na yanauvuta mmea chakula chote. Hapo ndipo penye mzizi wa ile hali ya mwaka wa neema kufuatwa na mwaka wa ukame wa matunda: mmea uliobeba mno mwaka huu hukosa akiba, ukaumba maua dume kwa mwaka ujao. Dawa yake ni kupunguza vishada mapema pale vinapokuwa vingi kupita kiasi, kuongeza mboji na samadi mara tu matunda yanaposhika na tena baada ya mavuno, na kukata matawi yanayosongamana katikati ya majira ya joto ili mwanga ufike ndani. Mkulima anayetia mbolea majira ya kuchipua peke yake amechelewa kwa karibu mwaka mzima.

Upogoleaji mkuu hufanywa mmea ukiwa umelala, kabla ya utomvu kuanza kupanda. Maua hutoka kwenye matawi ya mwaka uliopita, kwa hiyo usiyaondoe yote. Acha yale yenye afya, yaachane kwa sentimita 15 hadi 20, na kila moja ulifupishe libaki na machipukizi kama kumi hivi. Ondoa yaliyokauka, membamba kama uzi, na yale machipukizi ya ardhini usiyoyahitaji, kwa sababu hayo hunyonya chakula bila kuzaa kwa miaka kadhaa. Magonjwa mawili ya majani hujitokeza zaidi kwenye mimea isiyopogolewa: ubwiri unga, na madoa meusi yanayoanzia kwenye ncha na kingo za jani. Hewa ikipita vizuri, yote mawili hupungua sana.

Kuvuna na kukausha

Matunda huiva kati ya mwisho wa Agosti na mwanzo wa Oktoba, kutegemea mahali. Subiri yawe mekundu kabisa na laini yakibonyezwa. Yaliyovunwa mapema hukauka yakawa magumu, ya hudhurungi na yasiyo na nyama. Vuna siku ya jua baada ya umande kukauka, ukate kishada kizima pamoja na kikonyo chake, na usikate tawi. Katika wilaya ya Pingwu mkoani Sichuan, ambako wuweizi ya kusini huvunwa porini kwenye milima yenye panda wakubwa, wavunaji wanaofuata taratibu za uhifadhi hawakati mmea chini kama ilivyokuwa desturi zamani, na huacha matunda ya sehemu ya juu kwa ajili ya ndege na wanyama. Anayevuna porini popote pale afanye vivyo hivyo.

Tumia vikapu au ndoo za plastiki. Ndoo za bati hazifai, kwa sababu maji ya tunda ni machachu mno na hula metali. Usirundike matunda kwa kina kirefu wala usiyalaze hadi keshokutwa. Yakipondana huanza kuchacha siku hiyo hiyo.

Ukikausha juani, yatandaze kwenye mkeka au wavu kwa tabaka jembamba, uyageuze kila siku kwa mkono bila kuyaponda, na uyaingize ndani jioni. Ukitumia kaushio au jiko, anza na nyuzi sitini hivi hadi ngozi ianze kukunjamana, kisha ushushe hadi arobaini au hamsini na uache hapo. Moto ukizidi, mafuta yenye harufu hupotea na punje huungua zikawa nyeusi na ngumu. Vikonyo viondolewe baada ya kukauka, kwani wakati huo huachia kwa kusuguliwa tu. Kwa kawaida kama kilo nne za matunda mabichi hutoa kilo moja ya makavu. Ili kujua kama yamefika, kamata konzi, ukaze mkono, kisha uachie: yaliyokauka vizuri hayabaki yameshikamana wala hayaachi unyevu kiganjani, ila ngozi yake bado hunyumbuka. Kiwango rasmi cha China ni unyevu usiozidi asilimia 16.

Nani asitumie

Sehemu hii naiweka kabla ya mapishi kwa makusudi. Aliyepandikizwa figo, ini au kiungo kingine na anayemeza takrolimasi, dawa inayozuia mwili usikikatae kiungo hicho, asiguse wuweizi bila daktari wake kujua. Dondoo ya wuweizi ya kusini huzuia kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP3A4, na hivyo hupandisha kwa kiasi kikubwa kiwango cha takrolimasi katika damu. Nchini China wako madaktari wanaoitumia kwa makusudi, wakipima damu mara kwa mara, ili kupunguza kiasi cha dawa hiyo ya gharama kubwa. Mtu anayejitibu nyumbani hana kipimo hicho. Tahadhari hiyo hiyo inawahusu wanaotumia dawa nyingine zinazovunjwavunjwa na kimeng'enya hicho, zikiwemo baadhi ya dawa za usingizi, za moyo na za VVU.

Mjamzito aiepuke, kwa kuwa hudhaniwa kuchochea misuli ya mji wa mimba. Mwenye kiungulia au vidonda vya tumbo ataumizwa na uchachu wake. Wataalamu wa tiba ya Kichina wenyewe hawaitoi peke yake kwa kikohozi kilichoanza jana pamoja na homa, wala kwa surua changa, kwa sababu kwao hii ni dawa ya kukusanya na kuzuia, na kuzuia ugonjwa usitoke ni kuufungia ndani. Wao huitumia kwa kikohozi kilichokaa muda mrefu, jasho la usiku, kuharisha kusikokoma, kukojoa mara nyingi, mapigo ya moyo ya kushtuka na kukosa usingizi. Katika shengmai san huambatana na jinsengi na maidong, mzizi wa mmea wa Ophiopogon, kwa mtu aliyeishiwa nguvu kwa jasho. Fomula nyingine maarufu, xiao qinglong tang ya Zhang Zhongjing, tabibu wa China ya kale, ina xixin, mmea wa ukoo ule ule wa Aristolochia, na kwa sababu hiyo si ya kujichanganyia jikoni hata kidogo.

Kuhusu ini, utafiti wa lignani za wuweizi, yaani kundi la kemikali ambamo skizandrini imo, ulizaa dawa mbili za kutengenezwa maabara, bifendati na bisikloli, ambazo hutumika China kwa wagonjwa wa homa ya ini. Hilo halimaanishi kwamba chai ya wuweizi inatibu homa ya ini. Majaribio makubwa kwa binadamu ya tunda lenyewe ni haba, na mwenye macho ya njano anatakiwa hospitali. Kwa walioko Tanzania, ulizeni kama bidhaa ya kufungashwa imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na kama mtoa huduma anatambuliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kenya, usajili wa dawa uko chini ya Bodi ya Famasia na Sumu.

Namna ya kutayarisha

Kiasi kilichowekwa na kitabu cha viwango cha China ni gramu 2 hadi 6 kwa siku kwa mtu mzima. Pima kwa mizani ndogo ya jikoni, usikisie kwa kijiko.

Njia nyepesi zaidi ni ya Kikorea. Suuza gramu 10 za punje nzima haraka kwenye maji baridi, zitie kwenye chupa ya kioo yenye lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, na uziache usiku kucha kwenye jokofu. Rangi huanza kutoka kama uzi mwekundu kuzunguka kila punje, na kufikia asubuhi maji yote huwa ya waridi iliyokolea. Chuja, ongeza asali, unywe glasi moja au mbili kwa siku. Glasi mbili za mililita 250 ni sawa na gramu tano za tunda. Maji ya moto hayatumiki hapa kwa kuwa hutoa uchungu wa mbegu na kuharibu kinywaji. Lakini ifahamike kwamba kwa njia hii unapata uchachu na rangi, huku sehemu kubwa ya lignani, ambazo zimo ndani ya mbegu na haziyeyuki vizuri kwenye maji, ikibaki kwenye chujio. Ni kinywaji kizuri, na kama dawa ni hafifu.

Anayefuata njia ya wataalamu wa Kichina hupondaponda punje kwanza kwenye kinu hadi kila mbegu ivunjike. Chukua gramu tano zilizopondwa, tia nusu lita ya maji kwenye sufuria ya udongo, ya kioo au isiyoshika kutu, loweka nusu saa, kisha uchemshe kwa moto mdogo kwa dakika 20 hadi 30. Chuja, gawa mara mbili, unywe asubuhi na jioni baada ya chakula. Punje zisizopondwa zikichemshwa hivyo hivyo ni hasara, kwani ganda la mbegu huzuia kila kitu.

Kwa wenye matunda mabichi, Wakorea hupanga tunda na sukari kwa uzito sawa kwenye gudulia la kioo, tabaka juu ya tabaka, na kufunika juu kabisa kwa sukari. Gudulia hukaa mahali pa baridi kwa miezi mitatu hivi, likitikiswa siku za mwanzo hadi sukari yote iyeyuke, kisha sharubati huchujwa na kunywewa kwa kuchanganywa na maji mara nne au tano yake. Mwenye kisukari hana sehemu hapa.

Wuweizi ya siki hutayarishwa kwa kilo moja ya punje kavu na gramu 150 hadi 200 za siki ya mchele. Changanya, funika hadi siki yote inywewe, halafu upike kwa mvuke hadi punje ziwe nyeusi kote, kisha uzikaushe upya. Hii ndiyo inayopendelewa na wafamasia wa Kichina pale wanapotaka kuongeza nguvu ya kuzuia na kuielekeza dawa kwenye ini, na kipimo chake kwa siku hakibadiliki.

Hifadhi punje kavu kwenye chombo cha kioo chenye kifuniko cha kukaza, mahali penye giza na pasipo na joto, na uziponde siku ya kuzitumia tu. Kwenye miji ya pwani, ambako unyevu wa hewa hupenya hata kabati, weka chombo kwenye jokofu. Punje zikianza kunata kwenye kuta za chombo, zianike tena siku moja au mbili. Zikiwa na utando wa kijani au nyuzi za ukungu, ambazo ni tofauti na lile vumbi jeupe kavu la kawaida, tupa chombo kizima, kwa sababu kuosha na kuchemsha haviondoi sumu ya ukungu.